Jaketi la Ngozi Lililomnyang'anya Baba Tezo

Nisikilize, ndugu yangu, na usinihurumie mapema. Kosa ni langu. Si la joto, si la chombo, wala si la shetani ambaye sisi watu wa pwani humtupia kila lawama. Ni langu mimi, niliyevaa jaketi la ngozi lenye kola ya manyoya katika mwezi ambao hata mbuzi wa kisiwani kwetu Kudha hawatoki kivulini.

Nitakueleza taratibu, maana nataka uelewe. Ukitaka kucheka, cheka. Penye kichekesho nitakuonyesha mwenyewe. Lakini ujue tangu sasa kwamba mambo haya yanaishia kwenye mkono wa baba yangu. Mkono wa kulia. Mkono ulioshika tezo miaka arubaini.

Baba alikuwa fundi wa vyombo. Tezo, kwa usiyeijua, ni kama jembe dogo lenye makali ya wembe, na ndiyo inayochonga ubao mpaka ukubali kulala juu ya mwenzake. Baba hakuchora kitu kwenye karatasi. Alipima kwa jicho na kwa shubiri, akachonga, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akachonga tena. Watu walitoka Ngumi, walitoka hata Burgao, wakaja kumwagiza mashua.

Mimi ni mwanawe wa kwanza. Alinitia tezo mkononi mapema, na mapema nikaichoka. Nilipopata ndevu nikamwambia mbele ya watu kwamba nakwenda Kismayo kutafuta kazi ya maana. Kazi ya maana! Nilisema hivyo huku mzee amesimama na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliniuliza tu kama nina viatu.

Kismayo nikafika. Kazi ya maana niliyoipata ni uhamali.

Miaka ile meli za ndizi zilikuwa zikifika bandarini, nasi tukipakia. Mkungu mmoja baada ya mwingine, begani, unapanda nao, unashuka mtupu, unapanda tena. Baada ya miezi michache bega langu la kulia lilikuwa limeota sugu nene kama kisigino. Na utomvu wa ndizi, ndugu yangu, ukikauka ni mweusi na hautoki. Hautoki kwenye shati wala kwenye ngozi. Hamali wa ndizi ukimvua shati, huna haja ya kumuuliza kazi yake. Imeandikwa.

Si kazi mbaya. Nalisema leo kwa sauti. Wakati ule nilionelea ni heri nife kuliko watu wa Kudha waione ile sugu, baada ya maneno niliyomwambia baba.

Sasa jaketi. Ndani ya zile meli kuna ghala la baridi, ili ndizi zisiive njiani. Nje unaungua, ndani meno yanagongana. Sisi tuliingia na vikoi na mashati yaliyolowa jasho. Palikuwa na baharia mmoja wa kizungu, mzee wa masharubu, aliyeangalia mitambo ya baridi. Siku moja akaniona natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akavua jaketi lake akanivika. Nilipotaka kulirudisha jioni akakataa, akanipigapiga mgongoni, akaenda zake. Hatukuwa na lugha moja. Jina lake silijui mpaka leo.

Lilikuwa jaketi la rubani. Ngozi ya kahawia, zipu ya shaba, kola ya manyoya ya kondoo, na kifuani mabawa mawili yaliyoshonwa kwa uzi wa manjano. Alilipata wapi yeye, Mungu ndiye ajuaye.

Ona basi. Mle ndani ya meli lile jaketi lilikuwa nguo ya hamali, na lilikuwa halali yangu. Ningeliacha mle, nisingekuwa na la kuungama leo. Lakini siku ile nilitoka nalo. Nikapita sokoni saa tisa ya mchana nimelivaa, zipu imefungwa mpaka kooni.

Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia akaniita. "Waryaa! Una homa?"

"Sina, mama."

"Basi una wazimu. Njoo unywe."

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe karibu nicheke. Lakini mwenye duka la vitambaa, pale pembeni, akainua kichwa, akaona yale mabawa, akasema, "Kaptani, karibu kivulini."

Kaptani!

Neno hilo moja ndilo lililoniharibu. Ningeliweza kusema, "Mimi si kaptani, nabeba ndizi." Maneno manne matano tu. Badala yake nikaingia kivulini, nikakaa, nikapewa maji. Wala sikuwa nimedanganya. Nilikuwa nimenyamaza tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Tangu hapo nikawa nalivaa kila nitokapo bandarini. Na usidhani ni kazi rahisi! Jasho ndani ya ngozi halina pa kutokea. Linashuka mpaka kiunoni, linarudi kwenye kwapa, bitana inakushika kama gundi. Nje, chumvi inajichora mistari myeupe kwenye mikono ya jaketi; nikawa naifuta kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa, kisha nanukia kama mkate wa sinia. Nilijifunza kutembea polepole ili nisitokwe jasho, watu wakadhani ni maringo. Nilijifunza kujua upande gani wa kila mtaa una kivuli saa ngapi. Mtu mzima! Akili zote hizo ningelizitia kwenye tezo ningelikuwa fundi mkuu.

Mwaka ule, maleleji yalipoingia, siku zile za joto ambapo upepo umekatika kabisa na bahari imelala kama mafuta, nikapata ujumbe. Mwenye mgahawa nilipokuwa nikinywa chai aliniambia, "Kulikuja kijana wa kwenu kisiwani. Amesema babako amemaliza mashua kubwa, wanaishusha majini bamvu hili, maji makubwa yakijaa, na wewe ndiye unayesubiriwa kwenye gadi."

"Kijana gani?"

"Hakutaja jina. Alikutafuta bandarini, akarudi akasema hakukuona."

Nikashusha pumzi. Hakuniona! Nilishukuru Mungu, ndugu yangu. Nilishukuru kwa kitu kama hicho.

Ngoja nikueleze gadi, maana bila gadi hutaelewa. Mashua ikiwa nchi kavu haisimami peke yake. Chini ina mkuku, ule uti mrefu unaokata maji, nao ni mwembamba. Ukiiacha, inalala ubavu. Kwa hiyo huegemezwa kwa magogo pande zote mbili, na magogo hayo ndiyo magadi. Siku ya kuishusha, watu wanaisukuma hatua chache juu ya vibao vilivyopakwa mafuta ya papa, kisha wanasimama. Wanne wa magadi, wawili huku na wawili huku, wanatembea na chombo, na kikisimama wanayakita upya. Hapo ndipo fundi anaingiza mkono chini ya mkuku, anatoa kibao cha nyuma, anakitia mbele. Kisha tena, na tena, mpaka majini.

Sasa fundi hawezi kuona magadi yote manne. Yuko chini, amepiga magoti. Kwa hiyo anauliza kwa sauti, "Gadi?" Na kila mmoja anajibu kwa zamu yake, "Limekaa!" Akisikia sauti nne, anaingiza mkono. Akisikia tatu, hauingizi. Kama gadi lako halijakaa vizuri unasema, "Bado," na watu wote, hata wawe mia, wanangoja. Hakuna anayenung'unika. Nimeona watu wazima wakingoja "bado" ya mtu mmoja mpaka mate yakawakauka.

Na jambo jingine. Siku ya kushua chombo wanaume wote huvua. Kikoi kiunoni, basi. Kwanza kwa sababu bega tupu lililopakwa mchanga hushika ubao, nguo huteleza. Pili kwa sababu ya joto. Tena, hivyo ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya. Tajiri anavua, shehe anavua, nahodha anavua.

Unaona nilipokuwa nimejifungia? Gadi la mbele kushoto ni la mtoto wa kwanza wa fundi. Na mtoto wa kwanza wa fundi alikuwa na sugu nyeusi begani.

Nilifika Kudha asubuhi, na jaketi. Watoto wakanipokea ufuoni wamekunjua mikono kama mabawa, wanapiga kelele za injini. Binamu yangu, nitamwita Shee, akanishika begani, akalibinya lile bega la ngozi.

"Waryaa, kaka, ndege umeiegesha wapi? Mikokoni?"

"Acha mchezo."

"Si mchezo. Chunga kaa wasije wakaitagia mayai."

Watu wakaangua kicheko. Mama akaja akanikumbatia, akanusa nazi, akarudi nyuma kunitazama.

"Mwanangu, hulioni joto?"

"Kule nifanyako kazi kuna baridi, mama." Na kweli! Ghala la ndizi lilikuwa na baridi. Hata hapo sikudanganya, unaona?

"Kwenye ndege?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Mama yangu mwenyewe aliniuliza, waziwazi, kwa swali la maneno mawili. Nikasema, "Natengeneza injini zake."

Mama akanitazama kidogo. Akasema, "Unapendeza," akaingia jikoni.

Baba nilimkuta chini ya chombo anapaka mafuta. Akanipa mkono, ule wa kulia, mgumu kama ubao wenyewe. Kisha akalitazama jaketi toka kola mpaka zipu, vile alivyokuwa akitazama ubao kabla ya kuukata.

"Utashika gadi nalo hilo?"

"Ndiyo, baba."

"Joto kali leo."

"Nimelizoea."

Akaniangalia muda mrefu. Mimi nikatazama bahari. Akasema, "Haya," akarudi kwenye mafuta yake.

Tulianza saa nane mchana, kwa sababu maji yangejaa kuelekea saa kumi na chombo kilikuwa na safari ndefu mchangani. Jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa kama sufuria. Wanaume wote wakavua. Mimi nikasimama kwenye gadi langu na mabawa yangu kifuani.

Shee ndiye aliyeshika gadi la nyuma yangu. Kabla ya kuanza akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, vua. Hakuna anayekuangalia."

"Niache."

"Sote hapa ni watu wa mabega. Vua bwana!"

Nilidhani ananikejeli. Nikamwambia neno baya, neno ambalo sitalitamka hapa. Akarudi kwenye gadi lake.

Wimbo ukaanza, watu wakasukuma. Hatua nne, tukasimama. "Gadi?" Limekaa, limekaa, limekaa, limekaa. Baba akatia kibao. Tena. Watu wakaimba, wanawake wakapiga vigelegele juu kule kwenye nyumba. Mara ya tatu, ya nne. Mikono yangu ilikuwa haipandi vizuri; ngozi iliyolowa ni nzito, na kwapani inabana. Moyo ulikuwa unagonga masikioni.

Mara ya sita jasho likakatika.

Sikiliza hapa, nakuomba. Jasho lilikatika ghafla, mwili ukawa mkavu, nikahisi kibaridi kikinipita mgongoni. Nami nikafurahi! Nilijiambia, ona, nimelizoea kweli. Leo najua. Mtu akiwa juani kwenye kazi na jasho likakatika, hiyo si nafuu. Mwili umeshindwa kujipoza. Baada ya hapo kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona vitu viwiliviwili, na ulimi unajibu kabla akili haijaulizwa.

Mara ya saba chombo kikasimama. Nikakita gadi langu. Chini palikuwa na mwani wenye maji, na ncha ya gogo ilikuwa juu ya mwani, si kwenye mchanga mgumu. Niliona. Nataka uelewe kwamba niliona. Niliona magogo mawili badala ya moja, na mwani mwingi, na nikajua halijakaa.

"Gadi?" baba akaita.

"Limekaa!"

"Limekaa!"

"Limekaa!" Huyo wa tatu ni Shee.

Ikabaki sauti yangu.

Ningesema "bado", wote wangenigeukia. Wangeona ninavyoyumba. Mtu angekuja kunishika, angenifungua zipu, na bega langu lingekuwa nje. Hayo yote niliyafikiri, ndugu yangu. Watu husema mambo kama haya hutokea haraka mtu asijue. Mimi nilijua. Nilipata muda wa kutosha kuchagua.

Nikasema, "Limekaa!"

Baba akaingiza mkono.

Gadi likateleza. Sikulisikia, nilihisi tu uzito umeniondoka mikononi. Chombo kikainama upande wangu, si sana, kama mtu anayegeuka usingizini, na mkuku ukatoka kwenye kibao ukashuka. Halafu wimbo ukakatika katikati ya neno.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Kiinueni." Tena kwa upole, kama anayeomba kupishwa. "Kiinueni, jamani."

Walikiinua. Watu sitini walikiinua kwa mabega, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mwani natapika.

Sitaueleza mkono ule. Mashua yenye mashine ililetwa, akabebwa. Hakukuwa na kitu cha kumwekea chini ya kichwa, mbao zilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipolivua. Nilifungua zipu, nikalitoa mwilini likiwa limenishika kama ngozi yangu mwenyewe, nikalikunja, nikalitia chini ya kichwa cha baba. Nikabaki wazi mbele ya kisiwa kizima, sugu, utomvu mweusi, yote.

Nikangoja washtuke.

Hakuna aliyeshtuka! Hakuna aliyetupia jicho bega langu mara mbili. Mama alinipa kanga nijifunike, kwa sababu nilikuwa natetemeka, basi.

Hospitalini Kismayo walikata vidole vitatu na nusu ya cha nne. Kikabaki gumba. Mashua yenyewe ilishushwa bamvu lililofuata. Mimi sikuitwa kwenye gadi, wala nisingekwenda. Ilielea vizuri, walisema, imenyooka, haikuvuja hata tone. Ndiyo ya mwisho aliyoijenga.

Sasa nikwambie ilivyokuwa nyumbani, maana watu hudhani ajali inaisha siku ile ile.

Baba hakukubali kula kwa mkono wa kushoto. Sisi mkono wa kushoto si wa chakula, na yeye hakutaka hata ruhusa aliyopewa na shehe. Alikula kwa gumba na kile kipande kilichobaki. Wali ulimwagika mkekani. Mama aliuokota punje moja moja bila kusema kitu, na sote tulitazama kwingine. Kila siku, ndugu yangu. Mchana na usiku. Mtu aliyekuwa akipima mashua kwa shubiri, sasa hana shubiri.

Kidonda kilipopona, asubuhi moja nikamsikia kwenye banda lake. Alikuwa amelichukua lile jaketi. Alikuwa amekata ukanda mrefu kwenye mkono wa kulia wa jaketi, ngozi nzuri, imara, na kwa meno na mkono wa kushoto amejifunga tezo kwenye kifundo cha mkono ule mbovu. Nilisimama nje. Nikasikia, ta. Ta. Ta. Kisha kitu kikaanguka. Kimya. Tena, ta. Kikaanguka.

Alitoka, akanawa uso kwenye pipa, akaniona. Akasema, "Basi."

Neno hilo tu. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa, Mungu amrehemu. Ningelipenda anipige. Ningelipenda anifukuze.

Nilikwenda kwa mama nikalia. Nikamwambia yote. Kwamba mimi si fundi wa ndege, sijawahi kuigusa ndege, mimi ni hamali, na lile jaketi ni la kuficha bega. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Shee alipokwenda kukuita alikukuta bandarini, una mkungu begani. Akaona haya kwa ajili yako, akaondoka. Alipofika hapa akatuambia mimi na babako. Na wengine wakasikia. Kisiwa hiki kidogo."

"Sasa kwa nini hamkuniambia? Mama! Kwa nini nilipofika na lile jaketi hakuna aliyeniambia livue?"

"Shee alikwambia."

Nikalikumbuka lile neno baya nililomwambia kwenye gadi.

"Na mimi nilitaka kukwambia," mama akasema. "Babako akakataa. Alisema, mwacheni, msimvunje uso mbele ya watu. Joto litamchosha, atalivua mwenyewe."

Atalivua mwenyewe! Mzee aliniamini kwamba nitakuwa na akili angalau ya mbuzi, ambaye akihisi joto husogea kivulini. Na alipouliza "Gadi?" aliniamini tena. Mara mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo sikuwa nimeficha kitu. Hilo ndilo linaloniuma hata leo nikiwa na mvi. Mkono wa baba ulikwenda kulinda siri ambayo watoto wa ufuoni walikuwa wakiichezea kwa kukunjua mikono yao.

Nilirudi Kismayo, bandarini, bila jaketi. Nilibeba ndizi na saruji na chochote kilichobebeka, kwa lile bega, na ndilo lililolisha nyumba ya baba kwa miaka yote iliyobaki. Kila nilipokwenda Kudha nilivua shati ufuoni kabla sijapanda juu. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilivua. Shee alinipokea. Hakunitania tena, na utani wake ndio nilioukosa kuliko vitu vyote.

Wewe unayenisikiliza, huenda huna jaketi la rubani. Huenda una kitu kingine ulichojifunga nacho mpaka kooni, na watu wako wanakutazama unavyotokwa jasho, wanakupenda, wanangoja. Usidhani hawajui. Wengi wanajua, nao wala hawakucheki. Wanaona haya kukuumbua tu. Rudi nyumbani na bega lako lilivyo. Utataniwa siku moja, siku mbili, kisha utapewa chai.

Na kama wewe ni kijana wa kazi za juani, shika haya kama unavyoshika zamu yako. Vua nguo nzito kabla hujaanza. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Jasho likikatika, au kichwa kikiwa chepesi, ita aliye karibu akupokee, ukae kivulini.

Na mtu akiwa ameweka mkono wake chini ya kitu kizito, akakuuliza kama upande wako umekaa, usijibu upesi. Tazama chini kwanza, miguuni pako. Kama haujakaa, sema, "Bado."